Kisiwa Kilichohamia Vitabuni

Mji wa Dingle, ulioko kaunti ya Kerry kusini-magharibi mwa Ayalandi, hauhitaji siku nzima kuzungukwa kwa miguu. Una bandari, mashua za wavuvi, maduka yenye rangi kali, na sanamu ya Fungie, pomboo aliyezoeleka hapo tangu 1983 hadi alipotoweka Oktoba 2020. Mimi sikumfuata pomboo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikihangaika na kazi ya kufasiri mashairi, na nilitaka kuiona nchi ambayo wavuvi wake, katika lugha iliyodharauliwa, waliandika vitabu vilivyosomwa duniani.

Hata jina la mji lina kesi yake. Mwaka 2005 serikali iliamuru jina rasmi liwe la Kiayalandi peke yake, An Daingean, kwa kuwa mji umo katika eneo linalohesabiwa kuwa la wasemaji wa lugha hiyo. Wenyeji walikasirika: wageni watafikaje wakilikosa jina walijualo? Mwaka 2006 walipiga kura, na zaidi ya elfu moja wakataka majina mawili, Dingle na Daingean Uí Chúis. Sheria ilikubali mwaka 2011. Nakiri kwamba moyo wangu ulielekea upande wa lugha. Lakini mwenye nyumba ya wageni hawezi kulaumiwa kwa kutetea riziki yake.

Ukitoka mjini, utakuta Gallarus, kijumba cha ibada cha mawe makavu yaliyopangwa bila ya chokaa, kwa umbo la mashua iliyopinduliwa. Wataalamu wanabishana juu ya umri wake. Nami niliingia humo kujikinga na mvua, na halikupenya tone.

Kisha barabara yafuata ukingo wa bahari hadi Dún Chaoin. Njia ya kuteremkia gatini ni nyembamba, mwinamo mkali, yenye kupindapinda. Mbele yake kumelala Blasket Kubwa, kiasi cha kilomita 2 tu kutoka ncha ya bara iliyo karibu nacho. Siku ile boti hazikwenda kwa sababu ya mawimbi, na sikuvuka. Nilisimama pale nikakitazama kisiwa ambacho macho yanafika na miguu haifiki. Na hapo ndipo nilipoifahamu historia yake kuliko nilivyoifahamu kwa kusoma.

Watu wa Blasket hawakupata kuzidi mia mbili. Waliishi kwa samaki, kamba koche, kondoo na viazi, wakivuka kwa mashua nyepesi za mbao zilizovishwa turubai lenye lami. Miongoni mwao alikuwamo Tomás Ó Criomhthain, aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1850. Skuli ilimfundisha Kiingereza; kuisoma na kuiandika lugha ya mama yake alijifunza mwenyewe, mtu mzima. Mgeni mmoja, Brian Ó Ceallaigh, alimsomea Gorky na Pierre Loti, apate kuona kwamba maisha ya wavuvi na mafukara yanafaa kuwa kitabu. Kitabu chake, An tOileánach, yaani Mtu wa Kisiwani, kilitoka 1929. Robin Flower wa Makumbusho ya Uingereza, aliyefika kisiwani mara ya kwanza 1910 na kujifunza lugha kwa Tomás mwenyewe, ndiye aliyekifasiri kwa Kiingereza. Mfasiri aliyekaa miguuni pa mwandishi wake! Wengi wetu tunafasiri watu tusiowahi kuisikia sauti yao.

Peig Sayers, bibi msimulizi, hakuandika. Alimsimulia mwanawe, naye akanukuu. Sisi wa pwani hatushangai. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangepotea mengi lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akishirikiana na Taylor. Tofauti ni kwamba kitabu cha Peig, kilichotoka 1936, kililazimishwa skulini kwa miaka mingi, na vizazi vya watoto wa Ayalandi wakamchukia bibi wa watu bure, kwa kosa la kuwa mtihani.

Vitabu havikuwaokoa wenyewe. Vijana walihamia Marekani, wengi wao Springfield, Massachusetts. Katika majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947, kijana mmoja aliugua na kufa kisiwani, bahari ikiwa imewazuilia daktari na padri. Aprili 1947 wenyeji walimpelekea simu ya maandishi waziri mkuu de Valera kwamba dhoruba imewafungia na chakula kimekwisha. Tarehe 17 Novemba 1953 serikali ilianza kuwahamisha watu ishirini na wachache waliosalia. Wakapewa nyumba Dún Chaoin, ng'ambo tu, ambako kila asubuhi waliyaona mapaa yao ya zamani yakibomoka.

Peig alikuwa amekwisha hama kabla yao. Alifariki 1958, katika hospitali ya Dingle. Kaburi lake liko Dún Chaoin, juu ya mwamba. Nililizuru jioni ile, mvua ilipokatika. Kisiwa kilikuwa wazi kabisa, na boti bado zilikuwa zimefungwa.