Daktari Aliyehesabu Siku kwa Kurudi Nyuma



Wengi wetu tumelisikia jina Ogino katika mafundisho ya maandalio ya ndoa. Wachache wanajua kwamba lilikuwa jina la mtu. Kyusaku Ogino alikuwa daktari wa wanawake katika mji wa Niigata, huko Japani. Kazi yake yatufundisha jambo ambalo lingewaepusha wasichana wengi na machozi.

Katika karne ya 19 wataalamu walikwisha kujua habari za yai. Karl Ernst von Baer alilieleza yai la wanyama wanyonyeshao mwaka 1827. Lakini yai la mwanamke hutoka lini? Wengi waliwatazama majike ya mbwa, wakadhani kwamba hutoka siku za damu. Walikosea, na kosa hilo lilidumu miaka mingi.

Ogino hakutosheka na kudhani. Alipowapasua wagonjwa tumbo, alichunguza hali ya ovari zao, akailinganisha na tarehe za hedhi zao. Mwaka 1924 alitangaza alichokiona: yai hutoka kati ya siku ya 16 na ya 12 kabla ya hedhi ijayo. Hermann Knaus, daktari wa Austria, alifikia jibu lililo karibu na hilo kwa njia nyingine.

Angalieni neno «kabla». Ogino alihesabu kwa kurudi nyuma, kwa maana kipindi kinachofuata kutoka kwa yai hakibadiliki sana. Kinachorefuka na kufupika ni kile kinachotangulia. Ubongo ndio unaoamuru homoni za kulikomaza yai, nao huchelewesha kazi hiyo mwili ukiwa katika dhiki. Njaa kali ilipoikumba Uholanzi katika majira ya baridi ya 1944–1945, wanawake wengi walikosa hedhi. Chakula kiliporudi, hedhi nayo ilirudi. Hawakuwa na mimba, wala hawakulogwa.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Katika miaka ya kwanza, msichana aweza kukaa siku 21 hata 45 kutoka hedhi moja hadi nyingine, kwa sababu ubongo na ovari havijazoeana bado. Njaa, kukimbia vita, hofu, ugonjwa mrefu au tezi ya shingo isiyofanya kazi vema huweza kuvuruga hesabu. Mimba ni sababu moja tu kati ya nyingi. Basi, anayemhukumu binti kwa kutazama kalenda peke yake amhukumu bila ushahidi. Vilevile, anayetaka kutabiri siku za yai kwa kalenda, hali mzunguko hubadilika, ajidanganya: hedhi ijayo haijafika, naye atahesabu kutoka wapi?

Lakini kutohukumu si kunyamaza. Binti akipitisha miezi 3 bila hedhi, damu ikizidi siku 7, au maumivu yakimzuia kwenda shuleni, aende kituo cha afya, akisindikizwa na mama, shangazi au dada mkubwa, pasipo kulaumiwa.

Tujiulize katika kikundi: je, tumepata kumcheka au kumsengenya dada yetu kwa jambo hili? Na wavulana, mtamtetea namna gani atakaposingiziwa?