Bwate ya gari inapokufa na deni halijaisha

Gari nyingi za taksi zinazozunguka Goma, Bukavu, Butembo na Bunia zilianza maisha yao Japani. Zinateremka kwa meli Mombasa ama Dar es Salaam, kisha zinapanda kwa barabara mpaka Kasindi, Bunagana, Mahagi ama Kavimvira. Usukani uko kulia, tablo inaonyesha kilomita 140,000 ama zaidi, na mara nyingine hiyo namba imekwisha kurudishwa nyuma na mtu. Mnunuzi naye, mara nyingi, hana makuta yote kwa mkono. Anakopa kwa COOPEC, analipa muuzaji kidogo kidogo, ama anachukua gari ya patro kwa kontra: atapeleka pesa kila siku mpaka gari iwe yake.

Kwa hiyo mashine iliyochoka inaingia nyumbani pamoja na deni lenye tarehe. Kati ya vipande vyote vinavyoweza kuharibika, bwate (giaboksi, ile inayopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu) njo inaumiza zaidi, hasa ikiwa otomatike. Mota ikianza kuchoka, gari inaweza kutembea miezi mingine ikivuta moshi. Bwate ikikataa, gari inasimama siku ile ile. Deni halisimami.

Si kila gari inayokataa imekufa bwate

Bwate otomatike mara nyingi inatoa alama kabla ya kukatika. Shofere anaweka D na gari inangoja sekunde mbili, tatu, kabla ya kusogea. Mota inalia kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, hasa kwa kupanda. Gari inaruka-ruka ikibadilisha vitesi. Inakwenda mbele lakini kurudi nyuma inakataa. Mafuta ya bwate yamekuwa meusi na yana harufu ya kuungua. Ukimya nao unadanganya: gari inaweza kukataa kwa kupanda saa sita mchana, jioni ikipoa ikatembea vizuri, na mwenyewe anafikiri imepona.

Kosa la bei kubwa ni kukubali neno la kwanza la fundi. "Bwate imekufa" ni maneno rahisi kusema, juu kufungua bwate kunahitaji vyombo na ujuzi, na kuuza nyingine kunaleta faida. Kabla ya hapo kuna mambo madogo ya kuangalia. Mafuta yamepungua? Yanavuja kwenye mabomba yanayokwenda kupozwa? Taa gani inawaka kwenye tablo, na mashine ya kusoma makosa inaonyesha namba gani? Valvu ndogo za umeme zilizo ndani ya bwate zinaweza kubadilishwa bila kununua bwate nzima. Vishikilio vya mota vikivunjika, gari inagonga kama bwate mbovu. Betri dhaifu ama waya uliokatika unaweza kuchanganya kompyuta ya gari. Kulipa fundi wa pili kwa kupima tu, bila kumpa kazi, ni pesa kidogo ikilinganishwa na bei ya bwate.

Mafuta yenyewe ni somo la peke yake. Noah ya kizazi cha 2001 ina bwate otomatike ya kawaida ya vitesi 4. Noah iliyoanza kutoka 2007 ina ile inayoitwa CVT, yenye mkanda wa chuma unaozunguka kati ya koni mbili. Probox nayo ilipata CVT kwa mageuzi ya 2014. Kwa nje zinafanana, lakini mafuta yake hayafanani. Ukimwaga mafuta ya otomatike ya kawaida ndani ya CVT, mkanda unaanza kuteleza na koni zinaliwa. Bwate nyingi zimeuawa hivyo, na fundi aliyetaka kusaidia, kwa mafuta mekundu ya dukani ambayo chupa yake haisemi ni ya aina gani.

Adui mwingine ni joto. Kwenye matope, shofere anakanyaga mafuta, gurudumu linazunguka pahali pamoja, gari haisogei: wakati huo bwate inapika mafuta yake. Escarpment ya Ngomo na mzigo wa watu saba kwenye gari ya watu watano vinafanya vile vile. Na gari ikikwisha simama, namna ya kuivuta inaweza kumaliza kilichobaki. Pampu ya mafuta ya bwate otomatike inazungushwa na mota. Mota ikizimwa na magurudumu yanayovuta yako chini, vyuma vinazunguka vikavu. Yanapaswa kuinuliwa, ama gari ipande juu ya lori.

Hesabu kabla ya huruma

Sasa tuseme bwate imekufa kweli. Njia zinazobaki ni chache: kuifungua na kuitengeneza, kuweka nyingine iliyokwisha tumika, kugeuza gari iwe ya vitesi vya mkono, ama kuuza gari ilivyo. Kuitengeneza kunategemea kama vipande vya ndani vinapatikana, na kwa CVT mara nyingi havipatikani karibu. Kugeuza kuwa ya mkono kunafanyika sana, lakini kunahitaji pedali na ambreyaje, na kompyuta ya mota inaweza kukataa kufanya kazi bila ile bwate inayoijua. Wengi wanaishia kwa bwate iliyotumika, ambayo mara nyingi inatoka Kampala, kwenye soko la Kisekka, ama inaletwa kutoka Dubai.

Hesabu ya mfano inaonyesha jinsi ya kuchagua. Shofere amebakiza deni la dola 2,400, analipa 200 kwa mwezi. Gari yake ikiwa nzima ingeuzwa 4,000. Bila bwate, 2,200. Bwate iliyotumika pamoja na kazi ni 900. Akitengeneza, dola 900 zinarudisha thamani ya 1,800, na gari inarudi kazini. Akiuza ilivyo, anabaki bila gari na deni la 200. Hapo kutengeneza kuna maana.

Lakini tuseme mota nayo inakula mafuta na bodi imeoza, kwa hiyo gari hata ikipona haiwezi kupita 2,800, na bila bwate ni 1,900. Dola 900 zinarudisha 900 tu, halafu mota itadai zamu yake. Hapo kuuza na kujadili deni lililobaki kunaumiza kidogo kuliko kuendelea. Dola 3,000 zilizokwisha lipwa haziingii kwenye hesabu yoyote kati ya hizi mbili. Hazirudi, achague hii ama ile. Ni hizo hizo, lakini, zinazofanya watu waseme "siwezi kuiacha sasa" na kukopa mara ya pili.

Siku za kungoja pia zina bei. Kama gari inaacha dola 12 kwa siku baada ya esanse na matumizi ya njiani, wiki tatu za kungoja bwate ivuke mpaka ni siku 18 za kazi, dola 216. Hiyo ni zaidi ya malipo ya mwezi mzima. Bwate ya bei ndogo inayochelewa inaweza kuwa ghali kuliko ile iliyo tayari garajeni.

Mwenye kununua bwate iliyotumika aangalie kwanza sahani ya chuma ya gari. Kwenye Toyota kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na herufi zake njo zinasema aina ya bwate. "Inafanana" haitoshi. Bei, kazi, mafuta na siku za garanti viandikwe kwenye karatasi moja yenye sahihi, na sehemu ya pesa ibaki mpaka gari ipande mlima ikiwa na joto. Bwate ya zamani ni mali ya mwenye gari. Vipande vyake vinauzwa, na fundi hapaswi kubaki nayo kimya kimya.

Mkopeshaji asikie mapema

Anayekopesha hakuuza bwate. Kwa mkopo wa kawaida gari ni ya mkopaji tangu siku ya kununua, na hasara yake pia. Asiransi ya lazima inalipa madhara yaliyofanyiwa watu wengine; hailipi kipande kilichochoka. Kwa hiyo kusema "gari haitembei, silipi" hakuna nguvu.

Kinachoweza kubadilika ni tarehe. Anayekwenda kwa mkopeshaji kabla ya siku ya malipo, na devi ya fundi mkononi, anapokelewa tofauti na yule anayezima simu. Anaweza kuomba kulipa faida peke yake kwa miezi miwili, ama kurefusha muda ili kila mwezi upungue. Aulize jumla mpya itakuwa ngapi, juu kurefusha kunaongeza faida. Jibu liandikwe. Ahadi ya ajenti mlangoni haimfungi mkubwa wake.

Ukimya unagusa watu wengine pia. Kwenye mikopo ya kikundi, wenzake ndio watakatwa. Mdhamini aliyetia sahihi, mara nyingi kaka, shemeji ama mtu wa kanisa lake, anaweza kudaiwa kabla hata hajajua gari imesimama. Kukopa kwa AVEC ama kubadilishana zamu ya likelemba ili kulipa fundi kunawezekana kama hesabu ya hapo juu inasimama. Kukopa pahali pengine ili kulipa malipo ya mwezi, na gari bado iko juu ya mawe, ni kuhamisha moto kwenye chumba kingine.

Goma na Bukavu, benki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, na wateja wakabaki na madeni bila dirisha la kulipia. Mlango kufungwa hakufuti deni. Anayelipa kwa simu ama kwa mkono wa ajenti atunze kila ujumbe na kila risiti, na jina la aliyepokea.

Je, mkopeshaji anaweza kutuma vijana wachukue gari usiku? Congo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria zake juu ya dhamana zinaruhusu gari iwekwe rehani huku ikibaki kwa mwenyewe. Deni lisipolipwa, mwenye rehani ana njia za kuifikia, lakini kuchukua kwa nguvu bila karatasi ya kisheria si mojawapo. Kama bei ya gari inapita deni, kinachozidi ni cha mdaiwa. Hakimu naye ana uwezo wa kumpa mdaiwa muda, ama kugawanya malipo. Upande wa pili, kuuza gari iliyo rehani bila mkopeshaji kujua kunaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Na muuzaji? Sheria ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado inatumika, inamfanya ajibu kwa kasoro zilizofichika zilizokuwepo siku ya mauzo. Mnunuzi anaweza kurudisha gari na kudai bei, ama kubaki nayo na kudai sehemu. Muuzaji aliyejua na akanyamaza anadaiwa hasara pia. Lakini mlalamikaji anapaswa kwenda haraka na kuonyesha kwamba ubovu ulikuwepo. Kwa gari ya kilomita 180,000 iliyokufa baada ya miezi minane ya taksi, hilo ni gumu sana. Ikifa wiki ya pili, mafuta ya kuungua yakiwa ndani na mafundi wawili wakiandika walichokiona, ni habari nyingine. Karatasi ya mnada wa Japani, ikiwepo, inaonyesha kilomita za kweli siku gari iliuzwa kule.

Shofere wa kontra yuko pahali pabaya kuliko wote. Akiwa shofere wa kawaida, bwate ni ya patro. Akiwa ananunua kidogo kidogo, wengi wanamwambia matengenezo yote ni yake, ingawa karte roze bado iko na jina la mwingine. Bwate ikikufa mwezi wa kumi na nne, ametengeneza kwa pesa yake gari ambayo, akikosa siku tano za kupeleka, inaweza kurudi kwa patro. Yote yanategemea karatasi, na mara nyingi karatasi haipo, kuna maneno ya mbele ya mashahidi wawili. Kabla ya kuchukua ufunguo, mambo matatu yanafaa kuandikwa: nani analipa mota na bwate, kama siku za garaje zinahesabiwa kwenye pesa ya kila siku, na shofere atarudishiwa nini kama kontra inavunjika katikati. Patro anayekataa kuandika la tatu amekwisha kulijibu.