Jumatatu nawasilisha, kompaila hakuna

Nimepotea kidogo, asainmenti zimenibana. Ijumaa nilikwama maabara. Programu yangu ya kupunguza ukubwa wa picha, inayotumia Node.js, iligoma kusakinika. Inadai kompaila ya C++ na Python, na kwenye mashine zile sina ruhusa ya kuweka kitu. Jumatatu nawasilisha! Nikaishia kusoma historia (mwalimu mtarajiwa, nifanyeje).

Basi ni hivi. Ryan Dahl alipoionyesha Node.js kule Berlin mwaka 2009, aliijenga juu ya V8, injini ya JavaScript ya Google. Kazi nzito ziliandikwa kwa C++ na kugeuzwa faili la lugha ya mashine. Shida ni kwamba faili la Windows halifanyi kazi Linux, na toleo jipya la Node mara nyingi lilidai kukompaili upya. Tena faili hilo ni kama mgeni uliyempa funguo zote za nyumba: likianguka, linaanguka na seva nzima. Mwaka 2018, Berlin hiyohiyo, Dahl mwenyewe alitaja mambo anayoyajutia. GYP, mtambo wa kuandaa faili hizo, ulikuwemo!

Dawa ilitoka kwenye vivinjari. Mozilla walikuwa na asm.js tangu 2013, Google nao walikuwa na Native Client yao. Juni 2015 wakaungana na Microsoft na Apple kutangaza WebAssembly. Vivinjari vikaanza kuipokea Machi 2017, na kwa kuwa Node imekalia V8, Node 8 ya Mei mwaka huohuo ikaja nayo.

Moduli yake huanza na baiti 00 61 73 6d, yaani sifuri halafu herufi asm. Unakompaili mara moja tu. Na haina mikono: haigusi faili wala mtandao mpaka JavaScript iipe njia, na ikikosea unapata kosa la kawaida unaloweza kulidaka. WASI ya 2019 ndiyo iliyokuja kuipa mikono, ingawa nyaraka za Node zinaonya usiitegemee WASI yao kwa kodi usiyoiamini.

Nimebadilisha maktaba ya picha, nimeweka ya .wasm. Jana usiku imekubali kwenye laptop ya mwenzangu wa chumba, bila kompaila. Ila ni nzito jamani, picha kumi na chai imepoa. Kesho asubuhi naijaribu maabara kabla wengine hawajafika.