Wazazi na Uchaguzi wa Kazi wa Wanachuo (Migato, Simiyu)

Ushawishi wa wazazi katika uchaguzi wa kazi ni yale yote ambayo mzazi huyasema, huyatenda au huyalipia, yakamsogeza mwanawe aliye chuo kikuu kwenye fani fulani au yakamkatisha tamaa. Hujitokeza katika mambo mawili: mwanachuo anavyozichunguza kazi mbalimbali kabla ya kuamua, na anavyojiamini kwamba uamuzi huo anauweza. Makala hii inaueleza ushawishi huo kwa mfano wa Migato, kata ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu.

Itilima ilimegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipokuwa mkoa. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, na si ajabu kijana wa huku kuwa wa kwanza katika ukoo wake kuingia chuo kikuu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba mtu hupata kujiamini kutokana na mambo manne: kufanikiwa yeye mwenyewe, kumwona mwenzake akifanikiwa, kutiwa moyo, na hali ya mwili na hisia zake. Mwaka 1983 Karen Taylor na Nancy Betz waliyahamishia mawazo hayo kwenye uamuzi wa kazi. Kwa Migato, kinachopungua zaidi ni hilo la pili. Kazi za mshahara zinazoonekana kijijini ni chache: mwalimu, muuguzi wa zahanati, afisa ugani, mtendaji wa kata. Mzazi akisisitiza ualimu au uuguzi, asidhaniwe kuwa hana upeo. Ameshuhudia mvua ikikatika na bei ya pamba ikishuka, na amemwona mwalimu akipokea mshahara mwezi uleule wa njaa. Hoja yake ina uzito. Upungufu wake ni kwamba inamfungia mtoto ndani ya kazi nne au tano, ilhali chuoni kuna takwimu, jiolojia, ukadiriaji majenzi na nyingine ambazo hakuna aliyewahi kumsimulia.

Fedha nazo husema hata pale mzazi aliponyamaza. Msimu wa kuuza pamba hufunguliwa karibu na mwezi Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo fedha za pamba zimeshapita kwenye chakula, madeni na ada za wadogo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewafikisha wengi chuoni, lakini si kila mwombaji hupata mkopo, na bumu, yaani fedha za kujikimu, huweza kuchelewa. Hapo ng'ombe hupelekwa mnadani. Mwanachuo wa mwaka wa pili anayegundua kwamba fani aliyoingia haimfai humkumbuka ng'ombe huyo kabla hajafika ofisi ya udahili kuomba kuhama. Wengi hubaki walipo kwa kuona aibu, wala si kwa kuipenda fani. Mzazi anayetamka wazi, hata kwa simu tu, kwamba ng'ombe yule hakuwa deni, humwondolea mwanawe mzigo ambao mhadhiri hawezi kuugusa.

Kwa binti hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa mahari ya Kisukuma hulipwa kwa ng'ombe: akiolewa wanaingia, akisoma wanatoka. Baba anayekubali watoke amekwisha kumwambia bintiye kuwa anamwamini, hata asipofungua kinywa.

Kutia moyo hakudai cheti. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza mwanawe anajifunza nini, kumruhusu afanye mafunzo kwa vitendo mbali na nyumbani, au kumkutanisha na ndugu aliye kazini Mwanza.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika kabla ya chuo, kijana anapochagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, akiwa kidato cha nne. Asiyesoma Biolojia na Kemia hawezi kudahiliwa udaktari, hata wazazi watamani vipi. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65, na wahitimu hupewa muda wa kubadili machaguo yao mtandaoni kabla ya kupangiwa shule. Mzazi mwenye mtoto kidato cha nne aende shuleni, aketi na mwanawe pamoja na mwalimu wa unasihi kabla muda huo haujaisha.