Jenereta ikikosa kuwaka stima zikipotea, kagua swichi ya ATS

UMEME ulipokatika katika sehemu kubwa ya Kenya usiku wa Agosti 25, 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) ulikaa gizani kwa saa kadhaa. Jenereta ya baadhi ya majengo ya abiria ilikosa kuwaka, na Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, akalazimika kuomba radhi.

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, Nairobi, hitilafu ya aina hiyo haifiki kwa waziri. Hata hivyo, zahanati yenye friji ya chanjo, ambazo nyingi huhitaji kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, ina mengi ya kupoteza.

Mara nyingi mtambo wenyewe huwa mzima. Kasoro huwa katika swichi inayohamisha umeme yenyewe, ambayo mafundi huiita ATS. Swichi hii hupima umeme wa Kenya Power, huamuru jenereta iwake, kisha huhamisha jengo kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kipimo cha kwanza cha kurekebishwa ni kiwango cha volti. Umeme wa majumbani nchini ni volti 240. Swichi iliyowekwa asilimia 90 itaiwasha jenereta volti zikishuka chini ya 216. Katika mitaa ambako transfoma hulemewa, hasa kwa sababu ya nyaya haramu za 'sambaza', volti huweza kushuka hivyo jioni watu wanapopika. Mwenye jenereta huishia kuchoma dizeli kila siku ilhali stima hazijapotea.

Wengine hukimbilia kuishusha hadi volti 192 au chini zaidi. Hapo dizeli huokoka lakini mota ya friji huungua, kwani hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Njia ya busara ni kuhama volti zikifika 204, na kurejea kwa Kenya Power zikipanda hadi 216. Nafasi hiyo kati ya viwango viwili huzuia swichi kurukaruka huku na huku.

Muda nao una uzito wake. Sekunde tatu hadi kumi kabla ya kuwasha hutosha kupuuza mtikisiko mfupi. Kurudi kunafaa kusubiri dakika kumi au zaidi, kwa kuwa umeme unaorejea mara nyingi hupotea tena. Baadaye jenereta iachwe izunguke bila mzigo kwa dakika chache ipoe.

Jenereta ikikosa kuwaka, fundi aanze na mambo madogo: kitufe cha dharura kilichobonyezwa, au kiteuzi kilichoachwa upande wa mkono baada ya ukarabati. Kisha apime betri. Ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Betri nzima ikithibitishwa, aziunganishe nyaya mbili za amri ya kuwasha. Mtambo ukiwaka, kasoro iko kwenye swichi. Usipowaka, iko kwenye jenereta.

Ikiwa mtambo unanguruma lakini jengo lingali gizani, akague swichi kuu ya jenereta na kasi ya injini. Nyingi za dizeli huhitaji mizunguko 1,500 kwa dakika ili kutoa hezi 50, na swichi hukataa kuhama kasi ikipungua. Ikikataa kurudi kwa Kenya Power, fyuzi ya nyaya za kupimia huenda imeungua, au laini moja kati ya tatu haina umeme.

Kizuizi kinachozifanya pande mbili zisifungike kwa pamoja hakifai kuguswa kamwe. Kikiondolewa, umeme wa jenereta huweza kupita kinyume kwenye transfoma na kupanda hadi volti 11,000, ukamuua fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo. Kwa sababu hiyo, kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA.

Majaribio yafanywe kila mwezi kwa kuzima swichi kuu ya Kenya Power na kuiacha jenereta ibebe mzigo halisi kwa nusu saa. Kubonyeza kitufe cha jenereta na kusikiliza ikinguruma, kama wengi wafanyavyo, hakujaribu swichi hata kidogo. Viwango vilivyowekwa viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la swichi, fundi ajaye avikute.