Waya, Wimbi na Roboti wa Bati

Neno "roboti" liliingia ulimwenguni kwa mlango wa tamthilia. Karel Čapek aliandika R.U.R. mwaka 1920, nayo ikaonyeshwa jukwaani Prague Januari 1921. Neno lenyewe, alilodokezwa na nduguye Josef, latokana na robota, yaani kazi ya shokoa kwa Kicheki. (Robota letu la pamba lina nasaba nyingine, ya Kiarabu, sauti zimekutana tu, ingawa mzigo upo kotekote.) Suala la nani aamuru na nani atumikishwe, basi, lilikuwamo ndani ya neno kabla ya mtoto yeyote kukabidhiwa roboti wa kuchezea.

Mwaka 1954 kampuni ya Ideal ya Marekani ilimtoa Robert, roboti wa plastiki mwenye kijisanturi tumboni kilichompa sauti. Mtoto alishika kishikio chenye umbo la bastola, akazungusha mkono wake, na mzunguko huo ukapita katika waya mnene hadi kwenye magurudumu. Nguvu zote zilikuwa za mtoto mwenyewe, naye alilazimika kumfuata mtumishi wake nyumanyuma. Ni shida kuuita huo udhibiti wa mbali.

Waya ulikatwa Japani, nchi ambayo miaka 10 kabla yake ilikuwa majivu. Desemba 1945 fundi Kosuge Matsuzo alikuwa ameuza Kyoto vijigari vya jipu alivyovifua kwa makopo matupu yaliyotupwa na majeshi ya Marekani. Hadi 1952 vichezeo vilivyosafirishwa nje vilibeba chapa ya nchi iliyokaliwa na wageni. Bati la mshindi lilirudi kwa mshindi likiwa kichezeo cha wanawe. Historia ya biashara ya karne ya 20 haina mizunguko mingi iliyo michungu kuliko huo.

Kampuni ya Masudaya ya Tokyo ilitoa basi la Radicon mwaka 1955, lililoongozwa kwa mawimbi ya redio. Ndani yake mlikuwa na mrija wenye unga wa chuma: wimbi likiupiga, chembe hushikamana na umeme hupita. Kifaa cha aina hiyo ndicho Nikola Tesla alichokitumia mwaka 1898, alipoonyesha mashua isiyo na nahodha huko Madison Square Garden, New York, akiwa na matumaini ya kuyauzia majeshi ya wanamaji. Mrija huo haujui kulia wala kushoto. Hujua tu kwamba wimbi limefika. Kwa hiyo kila bonyezo lilisogeza basi kwenye hatua iliyofuata katika mpangilio usiobadilika. Aliyetaka kukata kushoto sharti aukariri mpangilio huo na kuhesabu. Matangazo yanaweza kumwita mtoto bwana wa mashine, lakini hapa mtoto ndiye aliyefundishwa utaratibu wa mashine.

Roboti wa Radicon alifuata mwaka 1957: bati la kijivu, mabega mapana, antena kichwani. Wakusanyaji wamemweka pamoja na ndugu zake wanne wa Masudaya katika kundi wanaloliita Genge la Watano, na mmoja wa hao, Machine Man, ameuzwa mnadani kwa makumi ya maelfu ya dola. Hukaa nyuma ya kioo, bila betri.