Kabla ya simu, Turkana tulikuwa na skana

Nikisema natoka Kerio, wasee huanza na ile story yao: eti teknolojia ya afya ilitufikia juzi, pamoja na simu janja. Hebu turudi 1983.

Mwaka huo AMREF walianza mradi wa kupambana na haidatidi kaskazini magharibi mwa Turkana, ukipita Kakuma kuelekea Lokichoggio. Kama hujawahi kuusikia huo ugonjwa, una bahati. Unaletwa na tegu mdogo anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa anakula ini la mbuzi lenye uvimbe, mayai ya tegu yanatoka na kinyesi chake, yanashika manyoya, na mtoto anayecheza naye anayameza. Miaka inapita kimya. Baadaye tumbo linafura, kumbe ndani kuna kifuko kimejaa maji. Enzi hizo Turkana ilikuwa kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani.

Kazi ilikuwa kumpata mgonjwa kabla hajafura. Kipimo cha damu kiliwaangusha: watu kibao wenye vifuko walionekana wazima. Ndipo watafiti, akina Calum Macpherson na Eberhard Zeyhle, wakawapelekea wafugaji skana ya ultrasaundi ya kubebeka, wakalinganisha. Skana ikashinda, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka wa 1987. Manze, 1987! Simu ya mkononi ilikuwa bado ndoto.

Na mimi naona ile picha ilikuwa somo pia. Mwambie mzee ampe mbwa wake dawa na asimtupie matumbo ya mnyama; atakuangalia tu. Mwonyeshe kifuko kwenye ini la mtu anayemjua, hapo mtaongea.

Sasa ruka hadi 2007. Utafiti wa WelTel ulichukua watu 538 waliokuwa wakianza dawa za HIV katika kliniki 3 za Kenya, moja ikiwa Kajiado, kwa wafugaji wenzetu. Nusu yao walitumiwa meseji moja kila wiki: "Mambo?" Unajibu "Sawa" au "Shida". Ukisema Shida, au ukinyamaza siku mbili, mhudumu wa afya anakupigia. Basi. Waliokunywa dawa inavyotakiwa walikuwa 62% upande wa meseji, 50% upande ule mwingine. Kabambe ilitosha.

Siku hizi naombwa niposti programu mpya za afya "kwa jamii za wafugaji". Nikifungua, inataka bando, inataka Kiingereza, inataka netiweki ambayo ukitoka Lodwar kurudi kwetu unaiacha njiani. Kwa hivyo nina swali moja kwa kila anayeniletea tangazo: mama wa Kerio akijibu "Shida", nani anampigia?

Wa mwisho aliniambia kuna roboti ya kuchati.